MHURI UMEFIKA HALE, MWENYE MHURI HAJAFIKA

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Hale

KAMA umewahi kupanda basi la Tanga, ndugu msomaji, Hale umeipita. Mkishaiacha njia panda ya Segera, hata hindi la kuchoma hujalimaliza, unaona mkonge kushoto, mkonge kulia, nguzo za umeme mkubwa zimejipanga kama askari wa gwaride. Mara konda anapiga bodi la gari: "Hale! Wa Hale nani?" Wanashuka akina mama wawili na ndoo zao, gari linaondoka. Dakika moja na nusu. Wewe unarudi kwenye usingizi wako, Dar imekuchosha, na unaamini umepita kijiji tu.

Mimi nimezaliwa ndani ya dakika moja na nusu hiyo.

Nimeishia kidato cha nne. Matokeo yangu si ya kutangaza gazetini. Kazi ya kwanza niliyopata maishani ilikuwa kushika ncha ya futi, ile futi ndefu ya kupimia ardhi. Ilikuja kampuni moja (jina nalihifadhi, mhariri wangu hana pesa ya mawakili) ikasema imekuja kurasimisha makazi, kila mwenye nyumba alipe, atapata hati. Tukaokotwa vijana wanne pale kijiweni. Tulifyeka, tukabeba vigingi, tukashika futi, jioni tukalipwa chetu tukaenda zetu.

Kwetu kila mwenye kofia ngumu kichwani ni "injinia". Huyo injinia wetu alikuwa kijana mpole tu, rika letu, katoka chuo mwaka uliotangulia, na mwenyewe alitwambia bila kificho kwamba hajasajiliwa popote, anatafuta uzoefu. Alikuwa na tabuleti yenye picha ya Hale iliyopigwa kutoka angani. Siku ya tatu akasimama bondeni, akaitazama picha yake, akasema hapa patakuwa kiwanja cha shule.

Msomaji, pale ndipo watoto wa Hale tulipojifunzia kuogelea. Masika ikikolea maji yanakufika kiunoni. Nikamwambia, "Injinia, hapa pana maji." Akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaiangalia tena. "Mbona kwenye picha hakuna maji?" Picha ilipigwa kiangazi!

Nilidhani atafuta. Mchoro uliporudi umechapwa kwenye karatasi kubwa ya kupendeza, shule iko bondeni vilevile, na kule pembeni chini umepigwa mhuri: mtaalamu wa mipangomiji aliyesajiliwa, namba yake, sahihi yake. Mwenye mhuri huo hatukuwahi kumtia machoni. Hakukanyaga Hale. Hakunywa hata chai ya pale stendi. Mhuri ulikuja na basi, yeye akabaki mjini. Mama yangu mzazi alikuwa ameshalipa shilingi 150,000 zake alizozipata kwa kuuza machungwa barabarani, na hati hiyo mpaka ninapoandika hajaiona.

Najua utasema: kijana, umetapeliwa na kampuni moja, nenda polisi, usituandikie gazetini. La hasha! Kampuni moja ingekuwa habari ya ukurasa wa ndani, mistari sita. Wizara ya Ardhi yenyewe imekiri hadharani, tena zaidi ya mara moja, kwamba zipo kampuni zilizokusanya fedha za wananchi na kuacha kazi njiani. Mpango wa taifa wa urasimishaji ulipangiwa miaka 10, 2013 hadi 2023. Katikati ya safari wizara ikalazimika kuweka kikomo cha bei, shilingi 150,000 kwa kiwanja, maana watu walikuwa wanachunwa. Bei ikawekewa kikomo, vizuri. Je, na ubabaishaji uliwekewa kikomo?

Hapo ndipo ninapotaka tuongee. Kiswahili chetu kina utani wake. Mpangaji ni yule anayepanga chumba Manzese, na mpangaji ni yule anayepanga mji. Mpangaji wa kwanza akikosea mwezi mmoja tu, vyombo vyake viko nje na godoro limenyeshewa. Mpangaji wa pili akikosea, vyombo vinavyotolewa nje ni vya kwako wewe! Yeye leseni yake iko palepale ukutani, kwenye fremu. Leseni ya mipangomiji katika nchi hii inamlinda anayepanga. Anayepangwa halindwi na mtu.

TUANZE MWANZO

Mwaka 1956 mkoloni Mwingereza alituletea vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza, sheria ya mipango ya miji na vijiji. Cha pili, kituo cha kufundishia upimaji ardhi pale Dar es Salaam. Kituo kile ndicho kilichokua kikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1974, kikawa chuo kikuu kishiriki cha Mlimani mwaka 1996, kikawa Chuo Kikuu Ardhi kamili mwaka 2007. Lakini ona: somo lenyewe la kupanga miji lilianza kufundishwa pale mwaka 1972. Yaani mwananchi alifundishwa kushika futi miaka 16 kabla hajafundishwa kupanga. Mimi wa Hale bado niko darasa la 1956.

Na katika miaka hiyo miji yetu ilichorwa na nani? Dar es Salaam ilichorewa mpango mwaka 1949 na wahandisi wa London, wakaigawa kwa rangi za watu: Uzunguni nafasi tele, Uhindini kiasi, Uswahilini mbanane. Tukapata Uhuru. Mwaka 1968 mpango mpya ukachorwa na Wakanada. Mwaka 1979 tena Wakanada, kampuni nyingine. Hata Dodoma, makao makuu yetu wenyewe, mwaka 1976 tuliagiza mchoro Toronto, kwenye theluji! Sina ugomvi na Wakanada, walifanya kazi waliyolipwa. Ila mwanafunzi huiga mwalimu. Mtaalamu wetu wa kwanza aliona kwa macho yake kwamba mji unaweza kupangwa na mtu asiyekaa ndani yake, akachukua tabia hiyo akaondoka nayo.

Kwingine hawakufika hivi walivyofika kwa bahati. Uingereza wapangaji wa miji walijiundia chama chao cha taaluma mwaka 1914. Majirani zetu Kenya walipata sheria ya kusajili wapangaji wao mwaka 1996. Sisi tulisubiri hadi 2007. Ndipo ikaja Sheria ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, Namba 7 ya mwaka huo, na Bodi yake. Kabla ya hapo daktari alikuwa na daftari lake, mhandisi alikuwa na daftari lake tangu 1968, lakini anayeamua choo chako kiwe wapi na barabara ipite wapi hakuwa na daftari la kisheria.

Mwaka 2007 ulikuwa mwaka wa neema kwenye makaratasi. Sheria Namba 6, mipango ya matumizi ya ardhi. Namba 7, usajili wa wapangaji. Namba 8, mipangomiji, ikaizika ile ya mkoloni iliyotawala miaka 51. Na Namba 13, Sheria ya Barabara. Hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoisikia Hale! Hifadhi ya barabara kuu ikatanuka kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Ukilala nyumba yako iko nje ya barabara, ukiamka iko ndani, nawe hujasogeza hata tofali. Wewe wa mjini unazijua zile alama za X ukutani, nyekundu na kijani. Sheria iliyopanua barabara ilifika na kopo la rangi. Sheria iliyotakiwa kutuletea mtaalamu wa kutushauri tujenge wapi, ilifika na mhuri.

MTIHANI WA HALE

Sasa nakupa mtihani, msomaji, na ningependa Bodi iwape wote wanaoomba usajili.

Hale imebanwa na mashamba ya mkonge. Mkonge uliingia nchi hii mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, na ukanda huu wetu wa Tanga ukawa shamba moja kubwa. Babu zetu waliletwa kama manamba, kutoka Songea, kutoka Kigoma, kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kila mtu na namba yake, wakawekwa kambini. Kambi zilipangwa na meneja kwa faida ya meneja, awaone wakitoka, awahesabu wakirudi. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha kama tani 230,000 za katani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumeporomoka hadi chini ya tani 30,000. Mkonge ukafa, manamba hawakufa. Walibaki palepale, wakazaa, wakajenga. Lakini ardhi ya shamba ni ya shamba, hata pakiota magugu.

Upande mwingine kuna mto Pangani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto hakuna kujenga. Juu ya kichwa kuna nyaya: Hale ina mitambo ya umeme wa maji ya megawati 21 tangu 1964, na chini yake kidogo kuna ya Pangani Falls, megawati 68, tangu 1995. Umeme huo unasafiri kwa nyaya nene, na chini ya nyaya nako hujengi. Katikati inapita barabara kuu, mita 30 huku, mita 30 kule.

Haya, chora. Toa shamba, toa mita 60 za mto, toa njia ya nyaya, toa mita 60 za barabara. Kilichobaki weka nyumba, shule, zahanati, soko, makaburi, uwanja wa mpira, msikiti, kanisa, na genge la mama yangu, ambaye asipokaa karibu na barabara machungwa hayauziki. Huo ndio mtihani wa mipangomiji Tanzania. Hale ni mfano tu. Mombo ina mtihani wake, Mkata na Kabuku kule Handeni wana wao. Vijana wanakimbilia huko huko kwenye miji midogo kuuza, kufua, kuendesha bodaboda, kisha inavimba bila mtu kuishika mkono, na siku ikishakuwa kubwa tunaiita makazi holela kana kwamba uholela umeshuka na mvua. Ofisa mipangomiji anakaa halmashauri, na halmashauri nzima ya vijiji na vijimji inamsubiri yeye.

Kijana anasoma shahada miaka 4. Anasoma kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza mpaka joho. Sikatai, anasoma mambo mazito, na walimu wake ni watu wenye akili. Najua pia wataniambia wanafunzi wanapelekwa mazoezi kwa vitendo likizoni. Ndiyo, wiki chache, na wengi wanaangukia ofisi za mjini kunakili mafaili. Halafu huyu huyu anasimamishwa mbele ya bibi yangu Mzigua amweleze maana ya "matumizi mchanganyiko ya ardhi". Ameifahamu kwa Kiingereza, hajawahi kuisema kwa Kiswahili hata mbele ya kioo. Anatoa jasho. Bibi anaitikia "eeh, baba" kwa heshima. Ofisini inaandikwa: wananchi wameshirikishwa.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Jaji ameambiwa aseme Kiswahili! Mpangaji miji ana utukufu gani kumzidi jaji?

JIRANI ZETU WA HANDENI

Kama unadhani nakuza mambo, twende wilaya ya pili, Handeni, kijiji cha Msomera. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamishia pale familia kutoka Ngorongoro. Nyumba zimejengwa zinafanana, hii kama ile. Serikali inasema wamehama kwa hiari yao. Ubishi wa hiari una kurasa zake, leo nauweka pembeni. Leo naangalia mchoro. Mwaka 2024 watetezi wa haki za binadamu wa Human Rights Watch waliandika malalamiko ya watu wenyewe, na moja ni hili: Mmasai mwenye wake watatu amepewa nyumba moja. Na wenyeji wa Msomera waliokuwapo tangu zamani wakalalamika kwamba ardhi waliyoitumia wao ndiyo waliyokatiwa wageni.

Hebu fikiri. Mtu amechora kijiji cha wafugaji asiulize mke wa pili atalala wapi! Swali hilo halihitaji kompyuta. Linahitaji kukaa chini ya mti na mzee mmoja nusu saa. Lakini ni chuo gani kilimpa maksi kwa kukaa chini ya mti?

Na tabia hii ina ukoo. Kati ya 1974 na 1976 Operesheni Vijiji iliwapanga watu kandokando ya barabara kama maharage ya kuchagua, mashamba yakabaki mbali, mazizi yakabaki mbali, kwa sababu mstari ulionekana mzuri kwa mheshimiwa aliyepita na Land Rover. Waliochora mistari ile wengi hawakuwa wapangaji wa taaluma. Walikuwa maofisa na makatibu. Leo tunao wapangaji wa taaluma, wana shahada, wana daftari, wana Bodi. Na mstari bado ni ule ule! Basi shahada imeongeza nini, kama si mhuri?

NINACHOTAKA MIMI

Daktari akimaliza chuo hapewi leseni akaanza kupasua watu. Anatumikia mwaka mzima wa utarajali hospitalini, chini ya jicho la wakubwa zake. Mhandisi naye, tangu 2003 Bodi yake ina mpango wa kumlea mhitimu miaka 3 kabla hajaitwa mhandisi kamili. Mpangaji miji pia anatakiwa afanye kazi chini ya aliyesajiliwa kabla ya kukubaliwa. Nakubali. Lakini "chini ya" hiyo ndiyo niliyoiona mimi bondeni: kijana yuko Hale peke yake na tabuleti, na huyo aliye "juu" yake yuko mjini na mhuri. Anajifunza nini pale? Anajifunza kukodisha mhuri. Miaka mitano ijayo atakuwa nao wa kwake, naye atautuma na basi.

Nataka mwaka wa utarajali wa mipangomiji, na nusu yake ifanyike kwenye mji mdogo. Alale hapo, si kuja na kurudi. Apangishe chumba, ajue kisima kiko wapi, anyeshewe na masika moja kamili, aone bonde likijaa. Mwisho wa mwaka achore mpango wa mahali hapo, autetee kwa Kiswahili kwenye mkutano wa hadhara mbele ya waliomo kwenye mchoro. Mjumbe wa Bodi akae pembeni asikilize, asiseme neno. Mama yangu aulize, bibi yangu aulize, mwenye bodaboda aulize. Akikwama, arudi masika nyingine. Sheria ya Mipangomiji tayari inataka wenye ardhi na wadau waitwe mkutanoni mpango unapoandaliwa, kwa hiyo siombi mbingu ishuke. Naomba mkutano huo uwe mtihani wake wa leseni, badala ya kuwa karatasi ya mahudhurio ya watu waliopewa soda.

Watasema hakuna fedha. Ebo! Kila mwenye nyumba aliyerasimishiwa amelipa. Kaya kwa kaya, mtaa kwa mtaa, nchi nzima. Fedha hiyo iliyopita mikononi mwa kampuni ingeshindwa kumlipia kijana mmoja kitanda na ugali hapa Hale kwa miezi sita? Magari yenye viyoyozi ya kuleta semina za siku mbili hayakosi mafuta hata siku moja.

Jambo la mhuri lenyewe nitalisema kwa kifupi kwa sababu halina falsafa. Anayegonga mhuri awe amefika. Ajiandikishe kwa mkono wake kwenye daftari la wageni la ofisi ya mtendaji, tarehe na saa. Jina lake na namba yake vibandikwe kwenye mbao za matangazo pamoja na mchoro, na anwani ya Bodi ya kupeleka malalamiko, kwa Kiswahili. Akigonga mhuri mahali asipokanyaga, afutwe, na jina litoke gazetini. Watanijibu kwamba sheria imeshaipa Bodi meno ya kufuta. Sawa, yapo. Nimewauliza watu wangu pale stendi, mmoja baada ya mwingine: ukidhulumiwa na mpangaji miji unamshitaki wapi? Wa kwanza akasema polisi. Wa pili akasema kwa mkuu wa wilaya. Wa tatu, mzee wa makamo, akanicheka tu, akaniuliza kama nimekula.

Kisha kuna sisi. Sisi tunaoshika futi. Vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro vinafundisha mafundi sanifu, na wahandisi wameshalikubali hilo: fundi sanifu wa uhandisi ana daraja lake kwenye daftari la Bodi yao. Mipangomiji nayo iwe na ngazi kama hiyo ya wazi, inayojulikana mpaka kijiweni, inayoanza chini kabisa kwa kijana wa kidato cha nne anayejua bonde gani linajaa. Apewe cheti cha msaidizi, kazi yake ya mashambani ihesabiwe, apande kwenda stashahada, akiweza apande zaidi. Asiyeweza abaki msaidizi wa mipango wa kata yake, mtu wa kwanza ambaye injinia akifika lazima amwone.

Hapa wakubwa wa taaluma watakunja pua. Watasema mtu wa kidato cha nne akiguswa na mipangomiji ataharibu hadhi ya fani. Wazee wangu, shikamooni. Hadhi hiyo ililindwa na nani pale bondeni? Mwenye shahada aliniambia hakuna maji. Mwenye mhuri hakusema kitu, maana hakuwapo. Aliyesema pana maji ni mimi, na maksi zangu za jiografia mnaweza kuzitafuta, hazipendezi. Sidai niwe mtaalamu. Nadai mtaalamu alazimishwe na sheria kunisikiliza kabla hajagonga mhuri, na asiponisikiliza iwe gharama kwake kama ilivyokuwa gharama kwa mama yangu.

Wewe unayesoma gazeti hili Mbagala, Tandale, Ngamiani Tanga, usidhani hii ni shida ya watu wa mkonge. Watu wa Ngamiani angalau wana bahati, barabara zao zimenyooka na zina namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ambulensi haipotei. Wewe wa Tandale ukiugua usiku unabebwa kwenye mkokoteni mpaka lami. Uchochoro huo haukukua wenyewe. Kuna mwaka ulikuwa shamba la minazi na mihogo, mtu mmoja mwenye ujuzi angefika na vigingi ishirini na kusema hapa ipite njia. Hakufika. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 61,741,120, na wengi wa wale watoto waliohesabiwa watajenga nyumba zao za kwanza mahali kama Hale palivyo leo. Vigingi viko. Vijana wa kuvibeba tuko, hapa hapa kijiweni, hatuna kazi.

Kwa hiyo wiki hii, akija mtu mtaani kwako na tabuleti na kofia ngumu, usimwite injinia. Mkaribishe kiti, mpe maji, halafu muulize kwa adabu: kaka, mchoro huu utagongwa mhuri wa nani, namba yake ngapi, na mwenyewe anakuja lini? Akisema atakuja, muulize siku. Andika.

Mimi ninayo risiti ya mama yangu. Nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Ina nembo ya kampuni, ina kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno, ina tarehe. Mahali palipoandikwa "jina la mtaalamu" pako wazi. Masika iliyopita nilikwenda kukitazama kile kiwanja cha shule. Kigingi chetu kilikuwa kinaonekana ncha tu, na watoto wawili walikuwa wanakitumia kama alama ya mahali pa kurukia majini.